Kuezeka Kambini

Mama yangu, Ugalla,

Shikamoo mama. Kwanza kaa chini. Najua ukisikia barua yangu imefika utasimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka Vero amalize kusoma, na magoti yako ndiyo hayohayo. La kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma unaitumia, au umeshamgawia jirani? Mimi mwili wangu hauna neno. Nakula, nafanya kazi, nyuki wananiuma kama kawaida yao. Moyo ndio haujatulia tangu baba atutoke, na kwa hilo sitakudanganya.

Vero dada yangu, wewe ndiye msomaji. Soma taratibu, na usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka zamani ukisomeshwa barua za wakubwa ili uwahi kucheza rede. Najua utashangaa kwa nini nimeandika kwa mkono wakati simu zipo. Kuna mambo kwenye simu sauti yangu inayakataa. Yupo dada mmoja wa Tabora anayerudi nyumbani, ameahidi kuipakia barua hii kwenye treni ya Mpanda, nawe utaipokea stesheni. Ukiipata usiifungulie kwako Majengo. Panda gari uende kwa mama, muisome pamoja.

Mama, siku uliyonipigia baada ya arobaini ya baba uliniuliza swali, nami nikasema mtandao unakatika, nikakata. Mtandao haukukatika. Nilikuwa nakusikia vizuri kuliko siku zote, hata kuku wako niliwasikia. Nilishindwa kujibu tu. Jibu ninalo kwenye barua hii na nitalifikia, ila inabidi nianzie kwenye nyumba ninayolala, maana nyumba hiyo na swali lako vimeshikana.

Kazi yangu unaijua. Bosi wangu, Bwana Dani, ana nyuki wengi, na nyuki wake hawakai mahali pamoja. Tunapakia mizinga kwenye malori tunafuata maua, mwezi huu shamba hili, mwezi ujao jimbo jingine. Baba nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. Aliniambia, "Yaani nyie mnawabeba nyuki kwenda kula? Huko kwenu nyuki ni wagonjwa?" Basi na sisi wafanyakazi tunahama nao, na tunalala kwenye kempa.

Kempa ni nyumba ya bati na mbao nyembamba juu ya magurudumu, inavutwa na gari. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi na meza. Ikiwa safarini ni nyembamba, watu wawili hawapishani. Mkishaegesha, unabonyeza kitufe, na kipande cha ukuta kinatoka nje kizima, pamoja na kitanda chake na dari lake, kama droo ya kabati. Tunaiita droo, mimi na Ramoni. Ramoni ni mwenzangu wa kazi, mtu wa Meksiko, na ndiye kaka yake Lusia, yule uliyemsikia akicheka kwenye simu ukaniuliza kwa ukali ni nani huyo.

Ubaya wa droo ni paa lake. Limelala bapa kama meza, na kila kinachoanguka kinabaki palepale. Ukiirudisha droo ndani bila kufagia juu, uchafu unaingia nayo na kuchana mipira ya pembeni inayozuia maji. Kwa hiyo kila tunapohama napanda ngazi na ufagio. Huwa tunaegesha chini ya mikaratusi, mama, ileile kama ya pale misheni, na mikaratusi ya huku haichoki kumwaga magome.

Dawa yake ipo. Kuna turubai la kujikunja linalofungwa juu ya droo. Droo ikitoka, turubai linatoka nayo na kutanda juu yake. Droo ikiingia, turubai linajiviringisha kwenye bomba lake na kumwaga uchafu nje. Wenzangu wengine wanayo, wengine hawayataki kabisa. Ramoni analo na analitukana kila siku ya upepo, anasema linapiga kelele kuliko watoto wa shule wakitoka darasani, na mvua ikizidi linabeba maji katikati kama beseni. Lakini kitanda chake ni kikavu.

Mwaka jana, kiangazi cha huku kilipokuwa kinaisha, Bwana Dani alipita na fundi wa makempa. Akaniuliza, "Gervasi, tukuwekee turubai juu ya droo kabla ya mvua?" Gharama ilikuwa yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema ndiyo.

Nikasema hapana.

"Kwa nini?"

"Hii ni kambi," nikamwambia.

"Najua ni kambi. Kambi ndiyo inavuja."

Nikasema tena hapana, asante. Akatikisa kichwa akaenda zake na fundi wake. Mtu yule ni mwema, lakini ningemweleza nini anielewe?

Wewe unaelewa. Miaka yote ambayo baba alitupeleka msituni kurina asali, kibanda cha kambi tulikifunika kwa magome na matawi tu. Nyasi zilikuwepo tele kando ya mto, zimetupita kimo, na mvua ya kwanza ilikuwa inatukuta hukohuko inatunyeshea mgongoni, lakini kuezeka, hapana. Nikiwa bado mdogo nilikata mafungu ya nyasi nikayapanga mlangoni pa kibanda, nikijua nitasifiwa. Baba hakunigombeza. Aliyabeba mwenyewe akaenda kuyamwaga mbali, akarudi akaniambia, "Mtu akiezeka amehamia. Sisi huku hatujahamia. Mama yenu yuko nyumbani."

Na kila aliporudi, kabla hujampokea hata mzigo, ulisimama uani ukamuuliza, "Mzee, huko hujaezeka?" Naye akajibu, "Sijaezeka, mama Vero." Hapo ndipo ulipochukua ndoo ya asali na kumwekea maji ya kuoga. Sisi watoto tulikuwa tunacheka, tukidhani ni utani wenu wa watu wazima. Nimekuja kufikiri kwamba haukuwa utani hata kidogo.

Kwa hiyo nilipomkatalia Bwana Dani nilikuwa nakujibu wewe. Tangu nifike nchi hii nimekuwa nakujibu hivyohivyo kimoyomoyo. Sijanunua kabati, nguo zangu zinakaa kwenye begi nililokuja nalo. Sijapanda hata mche wa nyanya kwenye ndoo, na Ramoni ana bustani nzima ya makopo inayohama naye. Kalenda ya ukutani nimeikataa. Ramoni huniambia naishi kama mtu aliye stendi ya basi. Nilikuwa nalichukulia hilo kama sifa.

Kisha baba akarudi kutoka msituni amebebwa. Baba Mdogo Selestini alimleta kwa pikipiki, amemfunga mgongoni kwa kitenge asianguke, na baada ya siku chache akatuacha. Mimi nilikuwa katikati ya karatasi zangu za ukaazi, na mtu anayezishughulikia aliniambia nikitoka wakati ule nisitegemee kuingia tena. Sikuja. Hilo unalijua, na hujanilaumu hata mara moja. Kutolaumiwa kwenyewe kunaniuma, mama. Ungenigombeza kidogo ningepata pa kushika.

Siku ya mazishi Vero alinipigia kwa video na kuishika simu juu ili nione. Kwenu ilikuwa alasiri, huku kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Jana yake tulikuwa tumehama, na kwa haraka, na kwa kichwa changu kilivyokuwa, niliiingiza droo bila kupanda na ufagio. Gome la mkaratusi likanasa, likang'oa mpira wa kona ya juu, pale usawa wa kitanda. Nilipoitoa droo kwenye uwanja mpya, kona ilikuwa wazi. Na mvua ikaja.

Nilikuwa nimeiegemeza simu kwenye mto, nimevaa shati langu jeupe, nimeketi kitandani kama mtu aliye kanisani. Maji yakaanza kushuka. Kwanza matone, halafu mfereji. Nikachukua sufuria ya ugali nikawa nakinga huku nawatazama nyie. Mvua ilikuwa inapiga bati, katekista simsikii, wimbo siusikii, naona midomo tu na watu wakijifuta macho. Sufuria ikajaa. Nikageuka kuimwaga kwenye sinki. Niliporudi kwenye simu nikamwona shemeji, baba Neema, amenyoosha mkono anaachia udongo kaburini, na udongo huo ulikuwa wangu.

Vero, uliniambia baadaye, nami naandika kama ulivyosema ili mama naye ajue nilijua: "Waliita watoto wa marehemu kwa zamu. Wakakuita wewe, Gerva. Nikakwambia kwenye simu, sema hata neno moja watu wakusikie. Ukawa haupo. Nikaona ukuta tu na maji yanashuka. Ikabidi baba Neema akutupie wewe."

Haupo. Hata kwenye simu sikuwepo, mama. Nilikuwa namwaga maji. Nimelia kwa ajili ya dakika ile kuliko nilivyolia kwa kifo chenyewe, na sijui kama ni halali mtu kulia hivyo.

Ramoni alikuja kunisaidia kuanika godoro. Alitazama ile kona iliyochanika, akanitazama mimi na shati langu jeupe limelowa, akasema kwa upole wake, "Sasa chagua. Ama turubai, ama droo usiitoe tena." Nikachagua kutoitoa. Niliziba ile kona kwa gundi, nikaiingiza droo, nikaanza kuishi kwenye ule ujia uliobaki. Kitanda kilikuwa kimebanwa ukutani hata shuka huwezi kutandika. Nilikuwa napika nikiwa nimesimama kando na kula nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlangoni, mvua ikinirushia miguuni. Baba angeniona angenicheka, lakini angenielewa. Nilijiambia nafanya kwa heshima yake.

Hapo ndipo uliponipigia. Ulianza na habari za mahindi, ukaenda kwa mbuzi wa jirani, ukazunguka weee, nikajua kuna jambo. Halafu ukasema kama ifuatavyo, maana nimeyarudia maneno yako mpaka nimeyakariri:

"Baba, kuna kitu Selestini ameniambia juzi tu, alikuwa ananificha. Walivyomfuata mzee kule kambini walikuta kibanda kimeezekwa. Nyasi mpya, zimefungwa vizuri mpaka kwenye pembe. Na mtu mwenyewe hata kikombe alikuwa hawezi kushika. Sijui hizo nyasi alikata saa ngapi. Walivyomshusha pale uani, mimi sikumuuliza. Miaka yote nimemuuliza, siku hiyo nikaogopa. Sasa nakuuliza wewe. Mizinga yake ipo, msimu unakuja, Selestini anaitaka, mimi namwambia subiri, mwenye nayo atakuja. Nimsubirishe mpaka lini, baba? Huko umeezeka?"

Nami nikasema mtandao unakatika.

Nimeziwaza sana nyasi zile. Siku nyingine najiambia alikuwa na baridi tu, kifua kilimbana, mtu mgonjwa ana haki ya kujifunika. Siku nyingine namwona akifunga fundo la mwisho kwenye pembe, taratibu, akijua anachofanya. Sipati jibu, na wewe hukulipata, na yeye ameondoka nalo. Nakasirika naye wakati mwingine. Alitukataza miaka yote, halafu mwenyewe akaezeka peke yake bila kutuambia.

Sasa nikueleze la Lusia, na Vero, ukifika hapa usimtazame mama usoni, soma tu. Alasiri moja, siku chache baada ya simu yako, Lusia alinikuta nimekaa kwenye ile ngazi yangu na sahani. Akaniuliza kwa nini mtu mwenye nyumba anakula mlangoni. Nikamsimulia yote: kambi ya Ugalla, mafungu ya nyasi, wewe uani na swali lako, kibanda alichokikuta Selestini. Alinipita, akaingia ndani, akabonyeza kitufe. Droo ikatoka ikilalamika kama mlango wa ghala. Harufu ya godoro lililowahi kulowa ikatupiga. Akaenda kwenye ile kona niliyoziba kwa gundi, akagusa ukuta, akapima kwa viganja vyake nafasi iliyopo kati ya kitanda na ukuta, kiganja baada ya kiganja.

"Na hapa panapovuja," akasema, "ndipo mtoto atalala?"

Ndivyo alivyoniambia, mama. Sikuwa najua. Nilisimama na sahani yangu mkononi. Furaha ilikuja, siwezi kusema haikuja, lakini ilikuja imeshikana mkono na jambo jingine, na yote mawili yalinikalia kifuani kwa pamoja. Nilimwona mtoto, na palepale nikakuona wewe umesimama uani.

Kesho yake nikaenda kwa Bwana Dani. Hakunikumbusha nilivyomkatalia. Aliuliza tu, "Kambi imekwisha?" nami nikaitikia kwa kichwa. Fundi alipokuja nilipanda naye juu kumshikia bomba. Nilitaka mikono yangu iwemo, kwa sababu kazi ya namna hii haifai kuachiwa mtu mwingine peke yake. Tulibadilisha mpira wa kona, tukafunga vishikio, tukaingiza turubai kwenye mfereji wake na kulivuta mpaka likakaza. Akanionya upepo ukiwa mkali nirudishe droo ndani, na nisiache maji yakusanyike katikati. Nilipofunga skrubu ya mwisho kwenye pembe nilimkumbuka baba na fundo lake, nikaikaza na kuikaza mpaka fundi akaniambia inatosha.

Nakuandikia nikiwa ndani ya droo. Tupo kwenye mashamba ya milozi, miti inayozaa kokwa wanazokula huku kama sisi tunavyokula karanga, na maua yake yanapukutika. Mvua ilinyesha mchana kutwa jana. Niliweka sufuria kitandani kwa mazoea, nikakaa pembeni yake kusubiri. Halikuingia hata tone. Turubai linapigapiga kidogo upepo ukija, sauti kama ya nguo zako kwenye kamba ya uani, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kitanda kikavu, na sufuria tupu, nalia.

Mizinga ya baba mpe Baba Mdogo Selestini. Asisubirishwe tena, msimu hausubiri mtu na nyegere hawasubiri. Ninaomba mmoja tu ubaki, ule wa gome ulio juu ya mti wa mtundu karibu na kivuko, ambao baba alininyanyua mabegani nikaufunga mwenyewe mara ya kwanza. Huo asiurine. Nyuki wakae tu. Karatasi zangu zikikamilika nitakuja kukuona, nitakuletea mjukuu umshike, nitakwenda kaburini kutupa udongo wangu hata kama umechelewa. Lakini nitakuja kama mgeni, mama, na begi la kurudi nalo. Nimeona nikwambie mapema ili usije ukapika kama mtu anayepokea mwanawe aliyerudi.

Mtoto akiwa wa kiume ataitwa jina la baba. Akiwa wa kike, Lusia amekubali aitwe jina lako, ila ameshindwa kulitamka, tunamfundisha.

Nisalimie Baba Mdogo Selestini, umwambie namshukuru kwa kitenge kile na kwa safari ile ya pikipiki, na kwamba alifanya vizuri kukuambia habari za nyasi. Nisalimie shemeji yangu baba Neema, aliyeniazima mkono wake siku ambayo wangu ulikuwa na sufuria. Deni hilo halilipiki, ajue tu nalikumbuka. Mpwa wangu Neema asome kwa bidii, na aje alale kwako wakati wa likizo. Mzee Hamisi wa Majengo, mwenye duka jirani na Vero, aliyefunga duka lake akaja Ugalla kutuzikia baba, mpeni salamu zangu za heshima. Na yule jirani uliyemgawia dawa yangu ya kuchua, maana najua umemgawia, mwambie namtumia ya kwake, ya kwako airudishe.

Vero, mstari uliobaki usiusome kwa mbali. Sogea karibu na mama, mshike mkono kwanza.

Mama, nimeezeka.

Mwanao,
Gervasi